Bastola ya shabaha huchaguliwa kwa kiganja, siyo kwa macho

SEKUNDE tatu. Kwenye soka huo ni muda ambao kipa anadaka mpira wa kona, ananyanyua kichwa na kumtafuta winga wake aliyebaki juu. Kwenye bastola ya mita 25 ya wanawake, ukifika mzunguko wa kasi, sekunde tatu ndizo zote ulizonazo kwa risasi moja. Taa ya kijani inawaka, unanyanyua mkono kutoka chini, unalenga, unapiga. Ikizima kabla hujapiga, imekula kwako. Hakuna refa wa kumzonga wala VAR ya kuomba irudiwe.

Ndicho kilichomkuta Kim Ye-ji wa Korea Kusini Agosti 2024 kule Châteauroux, mji wa Ufaransa uliopewa mashindano ya kulenga shabaha ya Olimpiki ya Paris. Mei ya mwaka huohuo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya fainali ya mchezo huu kule Baku, Azerbaijan, na ile video yake ya kofia iliyogeuzwa nyuma na uso usiocheka wala kununa ikazunguka dunia nzima. Siku chache kabla alishabeba medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10. Watu walishamvisha dhahabu kabisa. Kati ya risasi 60 za mchujo akachelewa moja, moja tu. Ikahesabiwa sifuri, na fainali akaitazama kama wewe na mimi.

Dhahabu ikaenda kwa Mkorea mwenzake, Yang Ji-in, naye hakuipata kirahisi. Yeye na Mfaransa Camille Jedrzejewski walimaliza wakiwa sawa, 37 kwa 37, wakaenda kwenye kitu ambacho mtu wa soka atakielewa bila kuelezwa: matuta. Risasi tano kila mmoja, mbele ya mashabiki wa Kifaransa wanaomshangilia binti yao. Yang akapata nne, Jedrzejewski moja.

Tangu michezo ile kulenga shabaha kumeanza kuongelewa hata vijiweni kwetu, kwenye meza za kahawa ambako kwa kawaida hoja ni Simba na Yanga tu. Lakini wengi wanamkumbuka mtu mmoja, yule Mturuki Yusuf Dikeç, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono wa kushoto mfukoni, akabeba fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Picha ile imewaaminisha watu kwamba jamaa alitoka nyumbani na chochote alichokikuta kabatini.

Itafute tena ile picha. Achana na mfuko, angalia mkono wa kulia. Ule mpini wa bastola yake haufanani na wa bastola ya askari unayemuona barabarani. Umechongwa, umejaa, una kibao chini kinachokibeba kiganja, una mahali pa kila kidole. Kifaa kile kilichaguliwa na kurekebishwa hadi kikamkaa. Makala haya yanahusu kuchagua huko, isipokuwa tunahama kutoka bastola ya upepo ya Dikeç kwenda ile ya baruti, ya nusu otomatiki, iliyompa Yang dhahabu na kumnyima Kim.

Nusu otomatiki ni nini

Tuliweke sawa kwanza maana sinema zimetuharibu. Bastola ya nusu otomatiki haimwagi risasi kama mvua. Ukivuta kifyatulio, ambacho wengi tunakiita triga, inatoka risasi moja. Nguvu ya baruti inayoisukuma risasi mbele ndiyo hiyohiyo inayokirudisha nyuma chuma cha juu au cha ndani ya bastola. Chuma kikirudi kinalitema ganda tupu, springi inakirejesha mbele, na kikirejea kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Ukitaka ya pili unavuta tena.

Faida yake kwa mwanamichezo iko wazi. Mkono hauhami. Kwenye bastola ya mita 25 ya kasi ya wanaume, una shabaha tano zimepangwa pembeni kwa pembeni na unatakiwa uzipige zote, risasi moja kila moja, kwanza kwa sekunde nane, halafu sita, halafu nne. Risasi tano, shabaha tano, sekunde nne! Usingeweza kukifanya hicho kama kila baada ya risasi unalazimika kupakia kwa mkono.

Unataka kucheza wapi

Hapa ndipo wanaoanza huchemka. Mtu anauliza "bastola gani nzuri?" kabla hajasema anacheza nini. Ni kama kwenda Kariakoo ukamuuliza muuzaji "viatu gani vizuri vya mpira?" Atakuuliza: nyasi, nyasi bandia, au ile mechi yenu ya ukumbini? Njumu ndefu za chuma ukiingia nazo ukumbini utateleza kama samaki.

Kulenga shabaha nako kuna viwanja vyake. Ule wa Olimpiki, chini ya shirikisho la dunia la ISSF, unapiga kwa mkono mmoja, umesimama, hutembei. Bastola inatakiwa iwe ya risasi ya .22, iingie kwenye kisanduku cha kipimo chenye urefu wa milimita 300, kimo 150 na upana 50, na isizidi gramu 1,400. Mtutu usizidi milimita 153. Hawana mzaha. Ukifika na kifaa kisichoingia kwenye kisanduku, huchezi.

Upo mwingine, IPSC, ulioanzishwa Marekani mwaka 1976. Huu ni mbio. Unashika kwa mikono miwili, unakimbia kutoka kona moja hadi nyingine, unapiga karatasi na vyuma, halafu pointi zako zinagawanywa kwa muda uliotumia. Hapo .22 haikubaliki, kaliba inaanzia milimita 9.

Halafu wapo wa Jumamosi, wanaopenda tu kutoboa karatasi na kuangusha makopo uwanjani kwa burudani, kisha wanarudi nyumbani kula pilau. Nao ni wachezaji. Kwa idadi yao, nchi kama Marekani, hao ndio wanaovifanya viwanda viendelee kuwasha taa.

Ukishajua uko wapi kati ya hayo matatu, nusu ya kazi imeisha.

Teke

Sasa tuje kwenye kosa ambalo makocha wa mchezo huu wanalipigia kelele kila siku. Mtu anaanza na bastola kubwa.

Sababu inaeleweka. Ya milimita 9 ndiyo inayoonekana kwenye sinema, ndiyo ya polisi, ndiyo inayojaza mkono. Ile .22 inaonekana ya watoto. Risasi yake ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, wakati ya milimita 9 inakaribia nane. Sauti ndogo, teke dogo. Teke ni ule mshtuko unaourudi mkono baruti inapolipuka.

Tatizo la teke siyo maumivu. Tatizo ni kwamba mwili una akili yake. Ukishapigwa teke mara kumi, mara ya kumi na moja mwili hausubiri. Kabla triga haijafika mwisho, kiganja kinakaza, kifundo kinashuka, macho yanafumba. Mdomo wa mtutu unainama sentimita chache na risasi inatua chini ya shabaha. Mpigaji anaona ametulia kabisa! Umeshamuona mshambuliaji anayeogopa kuumizwa na beki? Anapiga kichwa macho yamefumbwa halafu anashangaa mpira umekwenda jukwaani. Ni ugonjwa uleule.

Makocha wana mtego wao wa kuunasa. Wanachomeka risasi moja ya bandia, isiyolipuka, katikati ya zile za kweli ndani ya magazini, mpigaji asijue ni ya ngapi. Ikifika zamu yake, hakuna mlipuko, hakuna teke, lakini kila mtu pembeni anaiona bastola inaruka kwenda chini peke yake. Aibu yake unaambiwa ni kubwa kuliko kukosa penalti.

Ugonjwa huo ukishaingia, kuutoa ni kazi ya miezi. Ndiyo maana ushauri wa karibu klabu zote ni mmoja: anza na .22, hata kama ndoto yako ni IPSC na mbio zake. Na kuna sababu nyingine ambayo mfuko wako utaielewa haraka. Risasi za .22 ni za bei ndogo mara kadhaa kuliko za milimita 9. Mchezo huu unajifunzwa kwa kurudia. Mwenye uwezo wa kupiga risasi 200 kwa wiki atamuacha mbali mwenye uwezo wa kupiga 40, hata kama wa pili ana bastola ya bei mbaya.

Kipofu wa Moscow na mkono wa Takács

Kuna mtu anaitwa Mikhail Margolin. Alikuwa askari kijana wa Kisovieti, akajeruhiwa kichwani mwaka 1924 na akapoteza macho yote mawili. Kipofu kabisa. Huyuhuyu ndiye aliyekuja kubuni bastola ya shabaha ya .22 ya nusu otomatiki inayobeba jina lake, ambayo ilianza kutengenezwa miaka ya mwishoni mwa 1940 na ikawa mikononi mwa walenga shabaha wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa.

Hakuweza kuchora. Alitengeneza vipande kwa udongo wa kufinyanga na mbao, akavipapasa, akavipunguza, akavipapasa tena, halafu wenzake wakavipima na kuvihamishia kwenye karatasi. Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilidhani ni chumvi. Ukifikiri vizuri unaona kina mantiki yake. Macho ya mpigaji yana kazi moja tu, kwenye vilengeo. Yaliyobaki yote ni ya kiganja.

Wa pili ni Károly Takács wa Hungary, sajini wa jeshi na mpigaji hodari wa bastola ya kasi. Olimpiki ya 1936 hakuruhusiwa kwenda kwa sababu hakuwa na cheo cha ofisa. Sheria hiyo ikaondolewa, akajua zamu yake imefika. Mwaka 1938, mazoezini jeshini, bomu la mkono likamlipukia na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kupigia.

Kwa wengi hadithi ingeishia hapo. Takács alijifungia kimya kimya akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na mwaka 1939 akatokea kwenye ubingwa wa taifa lake, watu wakadhani amekuja kuwasalimia wenzake. Akaubeba. Vita vikafuta Olimpiki mbili. London 1948, akiwa na umri wa miaka 38, akatwaa dhahabu kwa rekodi ya dunia, na Helsinki 1952 akaitetea.

Kwa nini ninawaleta hawa kwenye makala ya kuchagua bastola? Kwa sababu Takács asingeweza kushinda na mpini wa mkono wa kulia. Mpini mzuri wa mashindano huchongwa kwa upande mmoja. Wa kulia ni wa kulia, wa kushoto ni wa kushoto, kama glovu za kipa. Na huuzwa kwa saizi, ndogo hadi kubwa. Ukikamata mpini usio wako utajua, kama mkulima anavyojua jembe la kuazima: jioni lazima malengelenge.

Namna ya kuupima ni rahisi na haigharimu kitu. Bastola iwe tupu, imekaguliwa na msimamizi wa uwanja, imeelekezwa upande wa shabaha. Ishike, fumba macho, nyanyua mkono hadi usawa wa bega kama unavyojisikia, bila kulazimisha kifundo. Tulia. Fumbua macho. Kama kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya mwanya wa kile cha nyuma, bastola hiyo na mkono wako vinaelewana. Kama kimekimbilia kushoto, au kimezama huwezi kukiona, basi utakuwa unakirekebisha kwa misuli kila risasi. Kwenye shabaha tulivu utaweza. Kwenye sekunde tatu za Kim hutaweza.

Angalia pia kidole cha triga. Kinatakiwa kiifikie kwa ile sehemu laini ya ncha, na ubavu wa kidole usiguse mpini. Kikigusa, kila ukivuta unausukuma mtutu pembeni bila kujua. Wenye viganja vidogo, wakiwemo dada zetu wengi, huuziwa mipini mikubwa kisha wanaambiwa hawana kipaji. Mipini ya mbao inaweza kupunguzwa kwa tupa na kujazwa kwa gundi ya mbao, na ukiangalia kwa karibu bastola za mabingwa utaona nyingi zina makovu ya kazi hiyo. Hazipendezi kabisa, na wenyewe hawajali.

Kitu kingine ambacho kiganja hukijua kabla ya akili ni umbali kati ya mkono na mtutu. Mtutu ukikaa juu sana, teke linaunyanyua mdomo wa bastola. Ukikaa chini karibu na mkono, teke linakuja moja kwa moja kwenye mkono na bastola inarudi haraka ilipokuwa. Wasovieti walilielewa hilo mapema, wakaenda Olimpiki ya Melbourne 1956 na bastola ya kasi ambayo ni kama imepinduliwa, mtutu chini kabisa. Wakubwa wa mchezo walipoiona wakabadilisha sheria, ikapigwa marufuku.

Kilo moja ya triga

Triga nayo ina uzito wake, yaani nguvu inayohitajika kuivuta. Kwa bastola ya mita 25 ya .22 sheria inataka isiwe chini ya gramu 1,000. Ya upepo ya mita 10 ni gramu 500. Kabla ya mashindano waamuzi wananing'iniza jiwe la mzani kwenye triga na kuinyanyua bastola mdomo ukiwa juu. Triga ikikubali kuvutika kwa uzito huo, rudi ukarekebishe.

Bastola ya kawaida ya ulinzi, kama Glock 17, triga yake inazidi kilo mbili. Imewekwa hivyo kwa makusudi, isije ikalipuka kwa bahati mbaya mikononi mwa mtu aliyejaa hofu. Kwenye ulinzi ni akili. Kwenye shabaha ni mzigo, hasa ukizingatia bastola yenyewe ni nyepesi, gramu mia sita na ushee bila magazini. Unavuta kilo mbili kwenye kitu cha nusu kilo na kidogo, kitakosaje kucheza?

Lakini usitafute wepesi tu. Tafuta triga inayotabirika. Vuta taratibu: inakwenda kidogo, inafika ukutani, unaongeza nguvu kidogo, inakatika ghafla kama kijiti kikavu. Ikifanya hivyo mara 20 mfululizo bila kubadilika, umepata. Ikiwa inakwama leo na kuteleza kesho, achana nayo hata kama inang'aa. Ila angalizo: bastola nyingi za .22 hazipendi kuvutwa triga zikiwa tupu kabisa, pini inagonga chuma na kuharibika. Muulize mwenyewe kwanza. Zile za mashindano zina mfumo maalumu wa mazoezi makavu.

Kuhusu vilengeo sina mengi. Kwa ISSF ni vya kawaida, vya chuma, hakuna lenzi wala nukta nyekundu. Hakikisha vya nyuma vinarekebishika kwa skrubu, juu na chini, kushoto na kulia. Nukta nyekundu ziachie baadhi ya madaraja ya IPSC na wale wa makopo. Wazee ambao macho yameanza kugoma zinawasaidia sana.

Ikigoma je

Manu Bhaker wa India alikwenda Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 19 na matumaini ya watu zaidi ya bilioni moja mgongoni. Katikati ya mchujo wa bastola ya upepo, kifaa chake kikaharibika. Akatoka kwenye mstari kwenda kukishughulikia huku saa inatembea, maana kwenye mchezo huu saa haikusubiri. Aliporudi alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 15, akalazimika kukimbiza risasi zilizobaki. Akakosa fainali kwa pointi mbili. Miaka mitatu baadaye, Châteauroux, akarudi kuchukua shaba mbili, na kwenye bastola ya mita 25 akaikosa ya tatu kwa matuta.

Bastola ya upepo ina vipande vichache. Ya nusu otomatiki ndiyo ina mengi zaidi ya kugoma: ganda linaweza kunasa, risasi inaweza isipande, springi inaweza kuchoka. Halafu .22 ina tabia yake. Kiwashio chake kimepakwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na kwenye zile za bei chee kinaweza kisienee vizuri, pini ikagonga na kusiwe na kitu. Risasi zake nyingi ni za risasi laini iliyopakwa nta, zinaacha uchafu kila mahali. Na kila bastola ina risasi inayoipenda. Mbili za aina moja, kiwanda kimoja, moja inakula chapa hii kwa furaha na nyingine inatapika. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba uijaribu kwa chapa tatu nne za risasi. Ikigoma zaidi ya mara moja kwa kila risasi mia ukiwa umeisafisha, mrudishie.

Usafishaji nao uulizie. Ruger ya Marekani, kampuni iliyoanza na bastola ya .22 mwaka 1949, ilitukanwa kwa miaka mingi kwa sababu bastola zake zilipiga vizuri ila kuzifungua na kuzirudisha ilikuwa mtihani. Mwaka 2016 ikaleta Mark IV, unabonyeza kitufe kimoja inafunguka. Watu wakashangilia. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikazirudisha kiwandani zilizokwisha uzwa, baada ya kugundua kwamba kitasa cha usalama kikiachwa katikati na triga ikavutwa, risasi ingeweza kutoka bila kutarajiwa. Walizirekebisha. Ukikutana na ya zamani iliyotumika, ulizia kama ilirudi kiwandani au la.

Majina sasa

Najua mnasubiri majina, kama dirisha la usajili. Kwa anayeanza na kwa burudani: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark, Smith & Wesson Victory. Zote ni .22, zote ni chini ya dola 1,000 za Marekani huko zinakotengenezwa, na zote zitakupigia vizuri kuliko uwezo wako kwa miaka miwili ya mwanzo.

Kwa Olimpiki unaingia ligi nyingine: Pardini ya Italia, Walther SSP ya Ujerumani, Morini ya Uswisi. Hizi huvuka dola 2,000. Zina mipini ya kuchongwa, triga unayoweza kuirekebisha kila upande, uzito wa kuongeza na kupunguza mbele. Ukimpa mtu anayeanza, ni sawa na kumkabidhi dereva wa bodaboda gari la Formula One. Ataliwasha, lakini…

IPSC nako jina linalotajwa mno ni CZ Shadow 2 ya Jamhuri ya Czech, chuma kitupu, kilo moja na gramu mia tatu. Uzito huo ndio dawa ya teke. Glock na ndugu zake nyepesi zipo pia na zina mashabiki wake, hasa kwa bei.

Mtazamo wangu? Kama una fedha ya bastola ya dola 2,000, nunua ya 600, na inayobaki ipeleke kwenye risasi, ada ya klabu, kocha na kinga za masikio. Masikio yakiharibika hayana spea.

Kabla hujaulizia bei

Tusidanganyane. Bastola siyo njumu. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bila kibali cha mamlaka hata ganda moja la risasi nyumbani ni kesi. Kenya unapita kwenye bodi ya leseni za silaha. Kwa hiyo hatua ya kwanza haianzii dukani. Inaanzia kwenye klabu au uwanja unaotambulika, ambako unapiga na bastola yao, mbele ya msimamizi, na unafundishwa mambo manne kabla hujaguswa na ya tano: kila bastola ichukulie ina risasi, mtutu uangalie shabaha muda wote, kidole kikae nje ya triga hadi umelenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Kwenye mashindano ya ISSF bastola isiyotumika huchomekwa kijibendera cha rangi kali ndani ya mtutu ili kila mtu aone kwa mbali kwamba ni tupu. Asiyefuata anatolewa, awe bingwa asiwe bingwa.

Wenye hamu ya kutazama wasisubiri Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kulenga shabaha kuliachwa Birmingham 2022 na kumeachwa tena Glasgow 2026, jambo lililowakera sana Wahindi, maana huko ndiko walikovuna medali kwa rundo. Lililo kubwa ni Los Angeles 2028. Bastola ya mita 25 ya wanawake ipo, na ya kasi ya wanaume ipo. Taa ya kijani itawaka kwa sekunde zilezile tatu.